Tarakimu 20 za Luku na gharama halisi ya kulinda taarifa za wananchi

Katika miezi iliyotangulia Novemba 24, 2024, wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) wanaotumia mita za Luku walipokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya kundi moja walilozoea kila waliponunua umeme. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kuboresha mita, na la tatu lilikuwa la uniti zilizonunuliwa. Katika Kata ya Zinga, wilayani Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, kama ilivyokuwa kwingineko nchini, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mwananchi mwenyewe, aliyetakiwa kubonyeza tarakimu 60 kwa mpangilio bila kukosea. Baada ya kazi hiyo umeme uliendelea kuwaka kama kawaida, lakini swali la kwa nini tarakimu ziliongezeka halikupata nafasi kubwa ya kujadiliwa.

Jibu lake limo katika usimbaji fiche, yaani utaratibu wa kugeuza taarifa kwa hesabu maalumu ili isomwe na mwenye ufunguo pekee. Kila kundi la tarakimu analotumiwa mteja wa Luku ni ujumbe uliosimbwa. Ndani yake zimo uniti zilizonunuliwa, alama ya wakati na tarakimu za uhakiki, na mita yenye ufunguo husika ndiyo pekee inayoweza kuufumbua. Kwa sababu hiyo tarakimu zilizonunuliwa kwa ajili ya nyumba moja hazikubaliki katika mita ya nyumba ya jirani.

Mita hizo hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Chini ya kiwango hicho, alama ya wakati huhesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, na imetengewa nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo inatosha dakika 16,777,216, sawa na miaka isiyofika 32. Hesabu hiyo ilikuwa inafika ukingoni Novemba 24, 2024, na baada ya hapo mita zisizoboreshwa zisingeweza kutambua tarakimu mpya. Ufumbuzi ulikuwa kuipa kila mita ufunguo mpya na kuanza hesabu nyingine. Ufunguo huo una biti 64, na haukuweza kuingia katika kundi moja pamoja na taarifa nyingine zinazotakiwa kuambatana nao. Uligawanywa nusu mbili za biti 32, kila nusu ikabebwa na kundi lake. Ndipo makundi mawili ya ziada yalipotokea.

Tarakimu 20 zinabeba takriban biti 66, wala hazizidi hapo. Kama mita hizo zingetumia algoriti ya AES, ambayo ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa sasa na ambayo husimba taarifa katika vipande vya biti 128, kundi moja la tarakimu za umeme lingekuwa na tarakimu zisizopungua 39. Na kama ufunguo mpya ungekuwa wa biti 128, ukatumwa kwa njia ileile ya nusu za biti 32, makundi ya kuboresha mita yangekuwa manne badala ya mawili. Ulinzi ungeimarika, lakini mama aliyesimama mbele ya mita usiku akiwa na tochi ya simu mkononi ndiye angeulipia.

Mfano huu unaonesha jambo ambalo husahaulika kila mjadala wa usalama wa taarifa unapoishia katika kuuliza ni algoriti ipi iliyo bora. Gharama ya usimbaji fiche hulipwa mahali ambapo rasilimali ni chache zaidi. Katika mita ya Luku, rasilimali hiyo ni kidole na uvumilivu wa mteja. Katika kishkwambi ni prosesa na betri. Katika mawasiliano ni kasi ya mtandao. Katika ofisi ni mtumishi anayetunza funguo. Taasisi inayonunua mfumo bila kujua gharama hiyo itaangukia wapi inaweza kulipia kasi isiyoihitaji, au ikaacha taarifa za wananchi wazi kwa kudhani kuwa kuzilinda ni ghali.

Taarifa zilizopo na umri wa siri

Zinga ipo kando ya barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda mji wa Bagamoyo, katika ukanda ambako uvuvi na kilimo vinakutana na mipango mikubwa ya uwekezaji, ikiwemo Eneo Maalumu la Kiuchumi la Bagamoyo. Mkazi wa ukanda huo, hata asipomiliki kompyuta, ana taarifa zake katika mifumo mingi ya kidijitali. Alama zake za vidole zilichukuliwa kwa ajili ya Kitambulisho cha Taifa na zikahakikiwa aliposajili laini ya simu. Kaya yake ilihesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, sensa ya kwanza nchini kukusanya taarifa kwa vishkwambi. Nyumba yake ina anwani ya makazi. Akienda kutibiwa, maelezo ya afya yake huandikwa. Na pale ardhi inapotwaliwa kwa maendeleo, majina, vipimo vya shamba na namba za akaunti ya benki za wanaolipwa fidia huingia katika kumbukumbu.

Taarifa hizo hazina umri mmoja. Tarakimu za Luku zikishaingizwa katika mita hazina thamani tena, na mtu akifaulu kuvunja ufunguo wa mita moja anapata umeme wa mita hiyo tu, kwa kuwa kila mita ina ufunguo wake. Majibu ya kipimo cha maabara yana umri wa maisha ya mgonjwa. Alama ya kidole ina uzito wa aina nyingine: neno la siri likivuja hubadilishwa, lakini kidole hakibadilishwi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kasi ya algoriti, swali la kwanza ni siri hiyo inatakiwa kudumu miaka mingapi, na ikivuja ni nani anayeumia.

Historia ya algoriti yenyewe inaeleza kwa nini swali hilo ni zito. DES, iliyotangazwa kuwa kiwango cha Marekani mwaka 1977, ilikuwa na ufunguo wa biti 56. Kwa zama hizo ulionekana kutosha. Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation lilitengeneza mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000 za Marekani, ikajaribu funguo moja baada ya nyingine na kuupata uliotafutwa kwa saa 56. Taarifa iliyosimbwa kwa DES mwaka 1977 ikitarajiwa kubaki siri kwa miaka 30 ilikuwa imepoteza ulinzi wake baada ya miaka 21.

Kasi kwenye karatasi na kasi kwenye kifaa

Baada ya DES kudhoofika, njia ya haraka ilikuwa kuifanyisha kazi mara tatu juu ya taarifa ileile. Utaratibu huo, ujulikanao kama 3DES, ulirefusha ufunguo lakini ulidai kazi mara tatu kutoka kwa prosesa, na bado ulibaki na vipande vya biti 64. Mwaka 2016 watafiti walionesha kuwa vipande vifupi kiasi hicho huanza kujirudia na kuvujisha dalili za taarifa pale ufunguo mmoja unapotumika kusimba takriban gigabaiti 32. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ilizuia matumizi ya 3DES kusimba taarifa mpya baada ya mwisho wa mwaka 2023. Katika 3DES mnunuzi analipa zaidi kwa prosesa na kupata ulinzi mdogo. Hakuna sababu ya kuiona katika mfumo unaonunuliwa leo.

AES ilipatikana kwa mashindano ya wazi. NIST ilipokea mapendekezo 15, ikachuja hadi matano, na mwaka 2000 ikachagua pendekezo la Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Lilitangazwa kuwa kiwango rasmi Novemba 2001. Ushindi wake haukutokana na nguvu pekee, kwa kuwa yote matano yaliyofika fainali yalionekana kuwa na ulinzi wa kutosha. Kilichoibeba ni uwezo wa kufanya kazi vizuri katika vifaa vya aina nyingi, kuanzia kompyuta kubwa hadi kadi ndogo yenye kumbukumbu finyu. Ufunguo wake unaweza kuwa wa biti 128, 192 au 256, na taarifa huzungushwa mara 10, 12 au 14 kulingana na urefu huo. Kwa hiyo anayetoka ufunguo wa biti 128 kwenda 256 anaongeza mizunguko minne, sawa na asilimia 40 ya kazi, wakati idadi ya funguo zinazowezekana inaongezeka kwa kiwango kisichoweza kufikiwa kwa kujaribu moja baada ya nyingine.

Kuanzia mwaka 2010, Intel iliweka ndani ya prosesa zake amri maalumu za kutekeleza AES, na kizazi cha nane cha prosesa za ARM, zinazotumika katika simu nyingi, kikawa na nafasi ya amri za namna hiyo. Kwa kifaa chenye amri hizo, AES husimba gigabaiti kwa sekunde na mzigo wake haumsumbui mtumiaji. Kwa seva za vituo vya taarifa vya Serikali, hoja kwamba usimbaji fiche unapunguza kasi ya mfumo ilikwisha nguvu zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Hali si hiyo kwa vifaa vya bei nafuu. Prosesa ndogo isiyo na amri maalumu hulazimika kuitekeleza AES kwa programu ya kawaida, na hapo hutumia muda na betri. Ni kwa vifaa hivyo ChaCha20, algoriti iliyobuniwa na Daniel J. Bernstein mwaka 2008, ilipata nafasi. Hesabu zake ni kujumlisha, kuzungusha na kulinganisha biti, mambo ambayo kila prosesa, hata ya bei ndogo, huyafanya kwa wepesi. Mwaka 2014 Google ilieleza kuwa katika simu zisizo na amri za AES, ChaCha20 ikiunganishwa na Poly1305, inayohakiki kwamba ujumbe haukuchezewa, ilifanya kazi kwa kasi mara tatu ya AES.

Hesabu ya kishkwambi cha zahanati

Kifaa ambacho mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu au ofisa mtendaji wa kijiji anaweza kukibeba ni kishkwambi au simu janja ya bei ya chini. Prosesa aina ya ARM Cortex-A7, iliyotumika katika simu nyingi za kundi hilo, haina amri za AES. Kwa miaka mingi vifaa vya namna hiyo viliruhusiwa kuuzwa bila hifadhi yake kusimbwa, kwa kuwa masharti ya mfumo endeshi wa Android yalivisamehe vifaa visivyoweza kufikisha kasi ya megabaiti 50 kwa sekunde katika AES. Maana yake ni kwamba aliyekuwa na simu ya bei kubwa alilindwa, na aliyekuwa na simu ya bei ndogo aliachwa.

Mwaka 2019 Google ilitangaza Adiantum, utaratibu unaotumia ChaCha yenye mizunguko 12 kusimba hifadhi ya kifaa. Kwa vipimo vilivyochapishwa, katika Cortex-A7 Adiantum hutumia mapigo ya prosesa 10.6 kwa kila baiti, takriban mara tano chini ya AES yenye ufunguo wa biti 256. Toleo la 10 la Android, lililotoka mwaka huohuo, likafanya usimbaji wa hifadhi kuwa wa lazima kwa vifaa vipya vyote.

Vipimo hivyo vikigeuzwa kuwa muda, picha inakuwa wazi. Prosesa ya gigahezi 1.2 itasimba takriban megabaiti 22 kwa sekunde kwa AES, na takriban megabaiti 113 kwa Adiantum. Kadi ya mgonjwa yenye kilobaiti 10 itachukua chini ya elfu moja ya sekunde kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, tofauti ambayo hakuna mhudumu anayeweza kuihisi. Picha ya megabaiti tatu itachukua sehemu ya saba ya sekunde kwa AES na sehemu ya thelathini na nane kwa Adiantum. Lakini gigabaiti moja ya taarifa itahitaji sekunde 45 kwa AES na sekunde tisa kwa Adiantum. Kwa hiyo algoriti inaleta tofauti pale hifadhi nzima ya kifaa inaposomwa na kuandikwa muda wote. Kwa fomu moja moja, uchaguzi huo hauna athari kwa mtumiaji.

Somo lililomo ni la ununuzi kuliko la hesabu. Vishkwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vilikabidhiwa baadaye kwa walimu, na hivyo kifaa kimoja kikahudumia kazi mbili tofauti kwa miaka mfululizo. Kifaa cha umma huishi muda mrefu na hubadilisha mikono. Hifadhi yake ikiwa imesimbwa, kukifuta kabla ya kukabidhi ni suala la kuharibu ufunguo. Ikiwa haijasimbwa, taarifa za kazi ya kwanza zinaweza kusafiri na kifaa hadi kazi ya pili.

Mzigo ulio katika mtandao

Hoja nyingine inayosikika ni kwamba usimbaji fiche huongeza gharama ya bando. Ukweli wake unategemea ukubwa wa ujumbe. AES katika utaratibu wa GCM, kama ilivyo ChaCha20 na Poly1305, huongeza baiti 28 kwa kila ujumbe: 12 za namba ya kutofautisha ujumbe na 16 za uhakiki. Kwa kadi ya kilobaiti 10, ongezeko hilo ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Kwa kifaa cha kupima kina cha maji au matumizi ya umeme kinachotuma baiti 20 tu kila saa, baiti 28 ni zaidi ya ujumbe wenyewe.

Picha ile ya megabaiti tatu ikitumwa kupitia mtandao wa kizazi cha pili wenye kasi ya kilobiti 384 kwa sekunde, kasi ambayo ni nadra kufikiwa kwa vitendo, itachukua zaidi ya dakika moja. Kuisimba kwa AES katika prosesa dhaifu kunachukua sehemu ya saba ya sekunde. Anayelalamika kuwa mfumo ni mzito akaamua kuondoa usimbaji fiche atakuwa amepunguza theluthi moja ya asilimia moja ya muda, au chini yake, na kuacha taarifa zipite wazi. Nafuu ya kweli hupatikana kwa kupunguza ukubwa wa picha.

Kwa vihisio vidogo, ambavyo mradi wowote wa viwanda au bandari katika ukanda wa Bagamoyo utavihitaji kwa wingi, NIST ilichagua Februari 2023 familia ya algoriti iitwayo Ascon kuwa msingi wa kiwango cha vifaa vyenye uwezo mdogo. Hali yake ya ndani ina biti 320, sawa na baiti 40 za kumbukumbu, na inafanya kazi ya kusimba na ya kuhakiki kwa pamoja. Haikukusudiwa kuchukua nafasi ya AES katika seva au simu.

Eneo ambalo gharama ya mtandao itaongezeka ni hatua ya mwanzo ya mawasiliano, pale vifaa viwili visivyofahamiana vinapokubaliana ufunguo. RSA, iliyoanza mwaka 1977, inahitaji ufunguo wa biti 3,072 kutoa ulinzi ambao njia ya mkunjo wa duaradufu inautoa kwa biti 256. Njia hiyo ya pili ilipunguza sana mzigo wa prosesa na wa mtandao. Hata hivyo, zote mbili zinaweza kuvunjwa na kompyuta kubwa ya kwanta iwapo itafanikiwa kutengenezwa. Agosti 2024 NIST ilitangaza viwango vya kwanza vya kukabiliana na hali hiyo. Kimoja wapo, ML-KEM, hakilemei prosesa, lakini ufunguo wake wa wazi katika daraja la kati una baiti 1,184 na jibu lake lina baiti 1,088, ikilinganishwa na baiti 32 kila upande katika X25519 inayotumika sasa. Ongezeko la kilobaiti mbili halisikiki katika mtandao wa kasi. Katika mtandao dhaifu wenye kilobiti 40 kwa sekunde, ni karibu nusu sekunde kila mawasiliano yanapoanzishwa upya. Kwa tarakimu za Luku gharama hiyo haina umuhimu, maana siri yake ni fupi. Kwa majibu ya maabara, nusu sekunde ni bei ndogo, kwa kuwa mtu anaweza kuhifadhi leo ujumbe uliosimbwa akisubiri chombo cha kuufumbua baadaye.

Mtunza ufunguo

Gharama kubwa kuliko zote haionekani katika vipimo vya kasi. AES yenye ufunguo wa biti 256 haina msaada ikiwa neno la siri la seva limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kompyuta. Algoriti ileile, ikitumiwa kwa utaratibu wa kusimba kila kipande peke yake, itatoa matokeo yanayofanana kwa taarifa zinazofanana, na mtazamaji ataweza kujua ni wagonjwa wangapi wana jibu moja bila kufumbua hata moja. Katika GCM, programu ikirudia namba ileile ya kutofautisha ujumbe chini ya ufunguo mmoja, ulinzi huporomoka. Makosa hayo yote hayaongezi muda wowote katika prosesa, na ndiyo maana jedwali la kasi haliwezi kuyafichua.

Upande wa pili wa jambo hilo ni upotevu. Ufunguo ukipotea, taarifa zimepotea. Halmashauri inayosimba kumbukumbu za fidia ya ardhi bila nakala salama ya ufunguo inaweza, kwa kuharibika kwa kifaa kimoja, kushindwa kuthibitisha nani alilipwa na nani bado. Ufunguo unahitaji mahali pa kuhifadhiwa, watu wawili au zaidi wenye mamlaka juu yake, kumbukumbu ya nani aliutumia lini, na utaratibu wa kuubadilisha mtumishi anapohama. Mambo hayo yanahitaji mishahara, mafunzo na nidhamu, na bajeti ya mfumo isiyoyataja haijakamilika.

Sheria na maswali ya ununuzi

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila mtu kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeipa haki hiyo utaratibu wa utekelezaji na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa kuweka hatua za kiusalama za kuzilinda, na inazipa uzito wa pekee taarifa nyeti. Kwa upande wa mifumo ya umma, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango na miongozo ya TEHAMA serikalini.

Sheria hizo hazimwondolei mnunuzi wajibu wa kuuliza. Zabuni inayosema tu kwamba mfumo uwe na usalama wa kutosha inamwachia mzabuni aamue maana ya kutosha. Maswali manne yanaweza kubadilisha hali hiyo. Taarifa zitakazohifadhiwa zinatakiwa kubaki siri kwa miaka mingapi? Kifaa dhaifu kuliko vyote kitakachotumia mfumo ni kipi, na kasi ya usimbaji imepimwa juu yake au juu ya kompyuta ya mzabuni? Funguo zitatunzwa na nani, wapi, na nakala yake ipo wapi? Na siku algoriti itakapodhoofika, itabadilishwa kwa njia gani na kwa gharama ya nani?

Swali la mwisho ndilo lililojibiwa kwa vitendo katika maboresho ya Luku. Waliotengeneza kiwango cha mita hizo walijua kuwa ufunguo utahitaji kubadilishwa siku moja, wakaweka njia ya kuupitisha katika vitufe vilevile vya kuingizia umeme. Bila njia hiyo, fundi angelazimika kufika katika kila nyumba yenye mita, au mita yenyewe ingeng'olewa. Kwa hesabu mpya inayoanzia mwaka 2014, mita zilizoboreshwa zitafika ukingoni tena mwaka 2045. Mfumo wa kumbukumbu za afya unaonunuliwa leo utakutana na mabadiliko yake mapema zaidi ya hapo, kwa sababu viwango vya kuukabili uwezo wa kompyuta za kwanta vimekwishatolewa.

Kwa mkazi wa Zinga, majina ya AES, ChaCha20 au ML-KEM si jambo la lazima kuyafahamu. Lililo la lazima ni kwamba taarifa anayoitoa kwa mhudumu wa afya, kwa ofisa ardhi au kwa karani wa sensa ilindwe kwa kiwango kinacholingana na madhara yatakayompata ikivuja, hata kama imeandikwa katika kishkwambi cha bei ya chini. Teknolojia ya kufanya hivyo ipo na prosesa inaimudu. Kinachobaki ni taasisi inayokusanya taarifa hizo kutenga fedha, kumtaja mtumishi mwenye dhamana ya funguo, na kupima mfumo katika kifaa kitakachotumika zahanati kabla ya mkataba kusainiwa.